Neno Alilosema Halkano

Garsen,
14 Septemba 1997

Kaka yangu Kombe,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea pokea na za mume wangu, maana siku hizi sina kitu ambacho si chetu wawili, hata salamu. Mume wangu! Nimeliandika neno hilo na kalamu imesimama yenyewe ili nilitazame vizuri. Mama anasema nimekuwa kama mtu aliyekunywa mnazi wa watu.

Mama hajambo. Mguu bado unamsumbua lakini hakubali kukaa. Juzi alikwenda shambani peke yake kufukuza nyani, akarudi akiwatukana mpaka majirani wakatoka nje. Mpunga umeanza kutoa mashuke.

Tunakaa chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli, karibu na posta. Levis anatengeneza pampu za maji za wakulima, kwa hiyo kila kitu chetu kinanuka dizeli, hata mto wa kulalia. Naipenda harufu ya dizeli, kaka. Akichelewa kurudi nanusa shati lake la jana kama mjinga.

Nikuchekeshe. Unajua Levis ni Mgiriama kama sisi, lakini alizaliwa Kipini, babake alikuwa mgema huko, basi anaongea kama watu wa kule. Maji kwake ni "mai", macho ni "mato", njoo ni "ndoo". Wiki ya kwanza nilinuna kwa sababu alisema mchuzi una chumvi. Akanishika mkono akasema, "Usinifite, Kadii. Mimi nakuyua." Mimi nikasikia "nakuua"! Niliruka hadi mlangoni na mwiko mkononi. "Unaniua kwa ajili ya chumvi?" Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa anasema nisimfiche kitu, ananijua. Tangu hapo kila asubuhi ananiuliza, "Leo nikuyue au nisikuyue?" Nani mwingine amepata mume wa namna hii?

Sasa jambo lenyewe. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mwinjilisti alituomba tusiondoke. Alisema redioni watu wanabishana kama sheria ya kunyonga ifutwe, naye angependa kusikia sisi tunaonaje. Kijana mmoja wa kwaya akasema hakuna binadamu mwenye ruhusa ya kuchukua roho ya mwenzake, hata akiwa jaji. Watu wakaitikia kwa kichwa. Nikasimama, kaka. Bibi arusi wa juzi, leso bado ina ukakamavu wa dukani. Nikasema, "Anayesema hivyo si babake aliyelala kwenye malka, pale ng'ombe wanapoteremkia mtoni, na nzi usoni." Nikasema aliyemuua baba, Mzee Thoya, alikiri kwa kinywa chake, na siku atakayonyongwa mimi nitapika pilau.

Levis alinishika mkono njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nilifanya vyema? Niandikie. Nina furaha nyingi, lakini nikikumbuka kwamba yule mfugaji wa Kiorma, Halkano, bado anakula ugali wa serikali, naona kama kuna mlango nyumbani mwangu haujafungwa.

Ni mimi dada yako,
Kadii wa Levis (soma tena!)


Mtwapa,
5 Oktoba 1997

Dada Kadii,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama. Sisi wazima. Vumbi la timbo limeniingia kifuani kidogo, lakini mawe yanachongeka na watoto wanakwenda shule.

Ulifanya vyema. Hao wanaotetea wauaji waulize walizika nani.

Wewe sasa ni mke wa mtu, kwa hiyo nitakuandikia kile nilichosema mahakamani, maana wakati ule walikuzuia usihudhurie. Nilifika wa kwanza pale malka. Baba alikuwa chali, amepigwa panga la kichwa. Halkano alikuwa amepiga magoti, kichwa cha baba kiko mapajani mwake, shuka yake imelowa damu. Aliponiona hakukimbia. Alikuwa analia. Akasema, nami naandika kama alivyotamka, sipunguzi wala siongezi: "Nalimuua. Nalimuua mzee huyu." Mara mbili. Panga halikuonekana, lakini la nini, mtu akishasema mwenyewe? Niliwaambia askari hivyo, nikamwambia jaji hivyo, na nitamwambia Mungu hivyo hivyo.

Wakili wake amekata rufani. Itasikizwa mwaka ujao, Mombasa. Watu husema serikali haijanyonga mtu kwa zaidi ya miaka kumi, kamba zinaliwa na panya. Mimi nina subira. Mtu amekiri, unamtunzia nini?

Mwambie mama asiende shambani peke yake.

Nduguyo,
Kombe


Garsen,
16 Novemba 1997

Kaka Kombe,

Sijui barua hii itakufikia lini. Mto umetoka kitandani mwake na kuja kututafuta majumbani. Barabara ya Malindi imekatika, na naiacha mikononi mwa dereva wa lori ambaye naye anangoja maji yashuke. Shamba lote limezama. Mama tumemleta hapa, tunalala watatu chumba kimoja, tumetundika leso katikati. Nisikilize mimi, bibi arusi! Mume wangu akitaka kuniambia jambo tamu inabidi akohoe kwanza, na mama anajibu kutoka upande wa pili, "Sema tu, mwanangu, mimi sisikii." Lakini tunacheka, na ugali unaiva, na bado nampenda kuliko mwezi uliopita.

Kaka, kaa chini kabla hujasoma hapa.

Barua yako nilimsomea Levis, mvua ikinyesha, hana kazi. Nilipofika pale kwenye maneno ya Halkano akaniambia, "Hebu soma tena."

"Nalimuua."

"Wewe ungesema vipi?"

"Nilimuua."

"Na kaka yako?"

"Vilevile, nilimuua."

"Na Muorma wa hapa sokoni?"

"'Mimi naua yeye.'" Mama akacheka upande wa pili wa leso.

Levis hakucheka. Akasema, "Basi huyu Halkano 'nali' ameitoa wapi? Hiyo ni yetu, ya Kipini na Lamu. Na mtu wa 'nali', mke wangu, hawezi kusema 'najua'."

Nikamwambia, "Sema kama kwenu: nilimjua mzee huyu."

Akasema, "Nalimuyua mzee huyu."

Na mama, Kombe, mama yetu kutoka upande wa pili wa leso, akauliza kwa sauti, "Nani amemuua mzee?"

Nikamwambia ni mvua tu, alale.

Kesho yake nilikwenda kwa Abdia, dada yake Halkano. Anauza maziwa karibu na kituo cha magari, na tangu baba afe sijawahi kununua kwake hata kikombe. Aliponiona alishika vibuyu vyake kama ninakuja kuvivunja. Nikamwuliza kaka yake alijifunzia wapi Kiswahili. Akanitazama sana. Akasema, "Kipini. Toka mdogo yeye kaa kwa mjomba, uza maziwa." Nikaondoka bila kuaga.

Sisemi hakuua. Nasema labda alikuwa anakuambia alimjua baba. Fikiri, kaka. Kisha mwandikie wakili kabla ya rufani. Hakuna mwingine aliyesikia isipokuwa wewe.

Dada yako,
Kadii


Garsen,
25 Januari 1998

Kaka Kombe,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama amerudi kijijini, nyumba imesimama ila ukuta wa jikoni umekwenda na maji. Levis ana kazi nyingi, pampu zote zimejaa matope, anarudi akiwa mweusi mpaka masikioni. Namwosha kama sufuria.

Lori lilipita kabla ya Krismasi. Dereva ameniapia kwamba alikupa barua mkononi na ukaisoma umesimama. Barua za watu wengine zimejibiwa. Yangu bado.

Siogopi kungoja. Lakini usidhani nikingoja nitasahau.

Kadii


Mtwapa,
20 Februari 1998

Kadii,

Nimepata barua zako mbili. Hapa wote wazima.

Kuolewa kumekulevya. Kwa sababu mume wako anasema "yua" badala ya "jua", basi muuaji wa baba yetu ni mtakatifu? Baba si somo la lugha. Mimi ndiye niliyemwinua pale chini. Mimi ndiye niliyemfunga taya kwa kitambaa. Wewe ulikuwa shule ya bweni ukisoma ushairi.

Nilisikia nilichosikia. Kama si yeye, ni nani? Nipe jina la mwingine, nitakwenda kwa wakili leo. Huna. Basi niache na huyu niliye naye.

Usimweleze mama upuuzi huu. Na usiniandikie tena habari hii.

Msalimie shemeji. Mwambie atengeneze pampu.

Kombe


Garsen,
15 Machi 1998

Kaka yangu Kombe,

Salamu zangu ni zilezile, hazijapungua kwa sababu umenikaripia. Levis anakusalimu pia na anasema pampu zinatengenezeka. Mama ameanza kupanda tena, udongo ulioachwa na mafuriko ni mweusi kama masizi, anasema mwaka huu tutakula mpaka tuchoke. Kuna habari nyingine ya hapa nyumbani, lakini hiyo siiandiki kwenye karatasi moja na mambo haya.

Umenikataza kuandika, na mimi naandika. Nikasirikie, ni haki yako ya ukubwa. Lakini utasoma mpaka mwisho.

Nimerudi kwa Abdia. Safari hii nilinunua maziwa na nikakaa. Nikamwuliza kaka yake alisema nini alipopewa nafasi mahakamani. Ameniambia, Kombe. Alijitetea kwa Kiorma, na mkalimani akatafsiri: "Mimi sikusema nilimuua. Nilisema nilimjua." Na watu wakacheka. Ulikuwepo? Abdia anasema ulikuwa umekaa benchi la pili. Miaka yote hii umenisimulia kesi, hukuwahi kunisimulia hilo.

Sikushtaki. Hata mimi ningecheka. Mkalimani alitumia Kiswahili safi cha vitabu, na kwa Kiswahili hicho "nilimjua" na "nilimuua" hayafanani sana, sikio linayatenga. Mtu alisema neno moja la Kipini pale mtoni, likafika mahakamani limevalishwa nguo nyingine, na hakuna aliyelitambua.

Unaniambia nikupe jina la mwingine. Sina. Lakini tangu lini mtu ananyongwa kwa sababu hatuna mwingine? Siku ile kanisani nilisema nitapika pilau. Sasa kila nikipita karibu na lile jengo nasikia sauti yangu mwenyewe.

Usidhani mume wangu ndiye amenigeuza. Levis, aliyeligundua hilo neno, bado anasema majambazi wanaomimina risasi kwenye mabasi ya barabara yetu wanyongwe wote, tena mbele ya watu. Tunabishana mpaka chai inapoa. Jana aliniambia, "Jambazi aliyeua watu wanane ndani ya basi, utamwombea yeye pia?" Nikamjibu, "Siombei kitu. Nakuuliza tu, masikio ya mashahidi wa jambazi yametengenezwa na fundi gani ambaye hakutengeneza ya Kombe?" Akasema nina mdomo mzuri hata nikimshinda, na ubishi ukaishia hapo, sikuambii uliishia vipi.

Lakini ndivyo ninavyoona, kaka, na sitabadilika. Aliyefungwa maisha, tukijua tumekosea, naweza kwenda mlangoni mwa gereza nikamwomba radhi, akanitemea mate, nikajipangusa. Aliyenyongwa nitakwenda mlango gani?

Nakuomba jambo moja. Huko Mtwapa hakosekani mtu wa Lamu. Mtafute. Mpe mgongo, usimwangalie uso. Mwambie aseme kwa lugha yao, "nilimjua" au "nilimuua", achague mwenyewe, nawe useme amesema lipi. Ukitambua kila mara, sitaandika tena habari hii, na nitakuja Mombasa siku ya rufani nikae upande wako.

Dada yako, ambaye haogopi,
Kadii


Mtwapa,
30 Mei 1998

Dada Kadii,

Salamu kwenu. Mama amenitumia maneno kupitia kwa dereva, ati nijiandae kuitwa mjomba. Kwa hiyo hiyo ndiyo habari isiyoandikwa kwenye karatasi moja na mambo haya. Nimefurahi. Usibebe ndoo.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni wiki nyingi. Nilitaka kuichana.

Kuna mzee hapa anaitwa Suleiman, anashona kofia za Lamu barazani kwake. Nilipita kwake mara kadhaa nikijifanya nataka kofia. Mwishowe nikamwambia. Akashangaa. "We bwana, wataka nimuue nani?" Nikamweleza kwamba ni mchezo tu, nina ubishi na dada yangu. Nikageuka, nikatazama ukuta.

Akasema. Nikamwambia, "Umesema umemuua." Akacheka, "Hapana, bwana, nalimuyua." Nikamwambia rudia. Nikakosea tena. Nikamwomba aseme kama mtu anayelia. Hapo aliacha kucheka. Aliweka sindano chini akaniuliza, "Mchezo gani huu?" Lakini alisema. Akiwa analia, Kadii, hayana tofauti. Nilisimama pale nimeushika ukuta, na mzee wa watu akaniletea maji.

Ndiyo, nilikuwepo benchi la pili. Mkalimani aliposema "nilimjua", nilicheka kuliko wote. Jaji alipotamka kwamba atanyongwa, nilipiga makofi mpaka askari akanituliza. Halkano alinigeukia. Nilidhani ananitishia. Sasa naona alikuwa ananitazama mimi, mtu pekee aliyemsikia siku ile, akingoja nikumbuke vizuri.

Siku ile pale malka niliona damu kwanza. Sikio lilikuja nyuma, likasikia kile macho yalichokwisha sema.

Nimekwenda kwa wakili wake. Alidhani nimekuja kumpiga. Nimemweleza yote, na nimekula kiapo. Anasema majaji wa rufani hawapendi ushahidi mpya, lakini ataomba wanisikilize. Nikamwambia wasiponisikiliza nitasimama nje ya mlango wao niseme kwa sauti.

Mama atanichukia. Wewe mweleze, mimi siwezi. Mwambie bado namtafuta aliyemuua baba, na sitaacha. Lakini akipatikana sitaki kamba. Si kwa huruma. Nilikuwa na hakika kabisa, dada, hakika kama jiwe, na kamba inahitaji hakika hiyo hiyo tu niliyokuwa nayo mimi.

Kombe


Garsen,
14 Juni 1998

Kaka yangu, kaka yangu Kombe,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama katikati ya barabara, mtu wa mkokoteni akanitukana, nikamwambia "asante".

Mama nimemweleza. Alichukua jembe akaenda shambani, akalima mpaka giza likaingia, na aliporudi akauliza, "Yule mtoto wa Kiorma ana mama?" Nikamwambia ni marehemu, yuko dada tu. Akasema, "Basi Kombe aende akaseme." Hivyo tu. Kisha akala vizuri.

Mimi Jumapili nilisimama tena kanisani. Sikuombwa, nilisimama tu, na tumbo langu mbele yangu kama mimbari. Nikasema, "Niliwaambia nitapika pilau. Nayarudisha maneno yangu." Nikawaeleza lile neno. Nikamwambia Levis alitamke kwa Kikipini chake mbele ya watu wote, mwanamume wa watu akatoka jasho, na kanisa zima lilipoulizwa amesema nini, zaidi ya nusu walisema ameua. Mzee mmoja wa kanisa alibaki na msimamo wake, anasema sheria ya damu ni ya tangu zamani na kosa la shahidi mmoja haliivunji. Tutaendelea kubishana naye. Nina nguvu za kubishana mpaka mtoto huyu aoe.

Levis anasema yeye bado hajui kuhusu majambazi. Lakini sasa anasema "sijui". Zamani alikuwa anasema "wote".

Nenda, kaka. Vaa shati la harusi yangu, lile la buluu. Natamani ningekuja nawe, lakini miguu imevimba, na mume wangu ameniwekea ulinzi mlangoni, yaani mama.

Anayekupenda,
Kadii


Mombasa,
24 Oktoba 1998

Dada Kadii,

Salamu kwako, kwa shemeji, kwa mama, na kwa huyo mgeni aliyefika wiki iliyopita. Dereva ananiambia ana sauti kubwa. Nilijua tu. Nakuandikia nikiwa nyumba ya wageni, kwa sababu sikupata usingizi na leo sina haja nao.

Walinisikiliza. Majaji watatu. Wakili wa serikali alikuwa mkali, alinizungusha sana. Ati nimehongwa? Nimetishwa na Waorma? Mwishowe akaniuliza, "Kama si huyu, ni nani aliyemuua baba yako?"

Nikasema, "Sijui."

"Huoni kwamba unaiacha damu ya baba yako bila mwenyewe?"

"Naona," nikasema. "Ilikuwa na mwenyewe wa uongo."

Jana wametoa uamuzi. Hukumu imefutwa. Wamesema kwamba kilichobaki, shuka yenye damu ya mtu aliyekuwa amempakata marehemu, hakitoshi kumnyonga mtu wala kumfunga. Abdia alipiga kelele. Mimi nilibaki nimekaa, nikaona kwamba watu wote wametoka na askari anazima feni.

Nilimkuta nje, kwenye benchi la saruji. Wamempa suruali ya mtu mnene, ameishika kwa mkono mmoja isianguke. Amezeeka. Nilitaka kupita. Akanisalimia yeye kwanza.

Nikamwambia, "Nilikusikia vibaya."

Akasema, "Nilimjua."

Alisema hivyo, Kadii. "Nilimjua," na jimu yake kabisa, ile 'j', kama mimi na wewe. Amekaa na wafungwa wa bara miaka yote hii, ile lugha yake ya Kipini imemtoka mdomoni. Nadhani alijizoeza.

Nikasimama pale. Nikagundua kwamba mtu huyu amekuwa akituambia neno moja tangu baba afe, ametuambia sisi, askari, jaji, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza swali ambalo mtoto mdogo angeuliza. Nikaketi kando yake nikamwuliza.

"Ulimjuaje?"

Alicheka kidogo, akiwa ameshika suruali yake. Akasema baba alikuwa anamtembelea pale malka karibu kila jioni kunywa maziwa ya mgando. Baba yetu! Yule aliyekuwa akisimama kwenye kila baraza la chifu kuwaita wafugaji wezi wa mto. Anasema siku za baraza ndizo alizokunywa zaidi, alikuja amechoka kwa kupiga kelele, akasema, "Nipe, mwanangu, nimekutukana mpaka koo limekauka." Anasema baba alitaka kujifunza kukamua. Ng'ombe akampiga teke, akaanguka matopeni na kofia yake, na akamwapisha Halkano asimwambie mtu yeyote wa kwetu. Unakumbuka alirudi nyumbani na matope mgongoni akasema aliteleza akikimbiza nyani?

Nilicheka, dada. Mbele ya mahakama, watu wakinitazama, nilicheka mpaka machozi yakatoka, na hayakutaka kuacha.

Gari la Garsen lilikuwa linapiga honi. Abdia alikuwa amesimama mlangoni na kifurushi, anamwita. Nikamshika Halkano mkono wa shati.

"Mtapanda la kesho," nikamwambia. "Nitawatafutia pa kulala. Niambie mengine."

Alimtazama dada yake, akatazama gari, kisha akaketi vizuri.

Kombe